Kiongozi Anapofunga Mlango: Majibu kwa Wasomaji

Tuliwaomba wasomaji wenye dhamana ya kuongoza, iwe shule, zahanati, chama au kijiji, watuulize kuhusu muda wa kiongozi kukaa peke yake na kufikiri. Maswali yaliyojirudia zaidi tunayajibu hapa. Mengine tumeyafupisha.

SWALI: Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Singida. Naingia ofisini saa moja kasorobo, na mpaka saa tisa na nusu sijapata hata dakika kumi za kufikiri. Wazazi, walimu, ujumbe wa WhatsApp kutoka kata, vitabu vya kusaini. Maamuzi makubwa nayatoa nikiwa nimesimama mlangoni. Nifanyeje?

Mwalimu, muda wa namna hiyo haujitokezi wenyewe. Uweke kwenye ratiba kama unavyoweka kipindi cha Hisabati: dakika 45, mara mbili kwa wiki. Chini ya nusu saa hutafika mbali, kwa sababu akili haiachi kazi iliyotangulia papo hapo. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, hasa kama hakumaliza. Ndiyo maana ukishafunga mlango bado utabishana kichwani na mzazi aliyetoka sasa hivi. Usijilaumu, hesabu dakika hizo za mwanzo kuwa ni sehemu ya gharama.

Jumatatu usiiguse, kwani matatizo yote ya mwisho wa wiki yanafika siku hiyo. Ijumaa nayo wengi mawazo yao yameshatangulia nyumbani. Jaribu Jumanne na Alhamisi, mara vipindi vya kwanza vinapoanza na walimu wako madarasani.

Jioni ya siku iliyotangulia, andika juu ya ukurasa swali moja tu, na liwe swali kweli. "Chakula cha mchana" ni kichwa cha habari. Swali ni hili: "Tufanyeje ili watoto ambao wazazi wao hawajachangia mahindi na maharage wasishinde njaa, bila kuwavunja moyo waliochangia?" Ukikaa asubuhi bila swali lililoandikwa, dakika zote zitaishia kwenye kuchagua cha kufikiria.

Ukishakaa, dakika kumi za kwanza andika pembeni mwa ukurasa kila kinachokusumbua: choo cha wavulana, mwalimu anayechelewa, ada ya mwanao. Usikishughulikie, kiandike tu kitoke kichwani. Dakika ishirini zinazofuata ni za lile swali. Andika njia zisizopungua tatu, mojawapo ikiwa ni kuacha mambo yalivyo hadi mwisho wa muhula, na chini ya kila njia ujibu: nani ataumia, itagharimu nini, nani atakayeitekeleza siku baada ya siku. Hapo ndipo njia nzuri za mdomoni huanguka, kwa sababu unagundua kwamba mtekelezaji ni yule yule mpishi mmoja. Dakika kumi nyingine andika usichokijua na nani anayekijua. Mara nyingi ni mtu ambaye hukuwahi kumuuliza: mpishi, mtunza stoo, mwalimu wa zamu. Dakika tano za mwisho andika sentensi moja ya utakachofanya, pamoja na tarehe.

Simu mkabidhi mwalimu mkuu msaidizi. Ukiiweka kwenye droo utaisikia ikitetemeka, na shughuli itakuwa imeishia hapo. Mpe na mambo matatu yanayoruhusu kukuita: mtoto ameumia, mgeni wa serikali amefika, au usalama wa shule uko hatarini. Mengine yote ajibu kwa kutaja saa: "Mwalimu mkuu atakuona saa nne kamili." Akisema tu "ana kazi", mzazi atakaa kwenye benchi nje ya dirisha lako na utamsikia akikohoa.

Kinachoua mpango huu kwa kawaida ni maandalio ya masomo yanayosubiri saini. Yako mbele yako, ni mepesi, na yanakupa hisia kwamba umefanya kazi. Basi usikae kwenye meza yako. Nenda stoo ya vitabu au darasa lisilotumika, mahali ambapo msaidizi wako anapajua na rundo la kusaini halikufuati. Na wiki mbili za mwanzo usianze na jambo zito kuliko yote. Chagua la kati, ulione limefika mwisho.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, Busia, Kenya. Nikikaa peke yangu dakika tano tu, mkono unatafuta simu. Je, nina kasoro?

Huna kasoro yoyote, mama. Mwaka 2014 jarida la *Science* lilichapisha utafiti ulioongozwa na Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Watu waliachwa chumbani bila simu wala kitabu kwa dakika 6 hadi 15, na wengi hawakuufurahia muda huo. Katika jaribio mojawapo waliwekewa kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo awali walisema wangelipa pesa ili waiepuke. Ndani ya dakika 15 za kukaa bure, wanaume 12 kati ya 18 waliibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na mawazo yako ni ujuzi, na watu wengi hawajawahi kuufanyia mazoezi.

Usianze kwa kukaa kimya ukitazama ukuta. Ipe mikono kazi isiyohitaji akili: kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kufuma. Kupika hakufai, maana jikoni kuna moto wa kutazama na watu wa kujibu. Kutembea kunafaa sana, ila chagua njia ambayo hutasimamishwa kila hatua kwa salamu. Njia ya sokoni si njia ya kufikiri. Beba kalamu fupi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Simu ibaki nyumbani.

Wiki ya kwanza iwe dakika tano kila siku, wiki ya pili kumi, na uongeze tano kila wiki hadi ufike thelathini. Hamu ya simu ikija, andika neno moja la kile ulichotaka kukitazama ("M-Pesa", "shangazi", "mvua"), kisha endelea. Mwisho wa kipindi utaona kwamba karibu yote yangeweza kusubiri.

Na uwe na jambo mkononi. Kwa chama, mara nyingi ni mwanachama aliyeshindwa kurejesha mkopo. Jiulize kwanza ameshindwa kwa sababu gani kati ya hizi: hana, anacho lakini ana madeni mengine, au anaona wenzake hawalipi na hawaguswi. Kila sababu ina dawa yake. Aliyekosa kabisa anahitaji kupangiwa upya marejesho. Anayewatazama wenzake anahitaji kuona sheria ya chama ikimfikia kila mtu, wewe ukiwamo. Kwenye kikao chenye kelele haya yote huitwa "mkorofi", na dawa inakuwa moja.

SWALI: Ni mwenyekiti wa kijiji, wilayani Kilwa. Nikijitenga kidogo watu wanasema naringa, au kuna kitu nakula kwa siri. Huku kwetu kiongozi ni wa watu.

Mwenyekiti, wana haki ya kushuku. Watu wameumizwa mara nyingi na mambo yaliyoamuliwa nyuma ya mlango. Lakini tazama mahakamani. Hakimu husikiliza pande zote mbili, kisha huahirisha kesi na kutaja tarehe ya hukumu. Anakwenda kuandika peke yake, na hakuna anayesema hakimu anaringa. Watu wanavumilia kwa sababu wamesikilizwa kwanza hadharani, wanajua siku ya jibu, na wanajua jibu litakuja na sababu zake.

Fuata utaratibu huo huo. Tuseme mfugaji ameingiza ng'ombe kwenye shamba la ufuta. Sikiliza pande zote mbele ya wajumbe, nenda shambani mkaone hasara kwa macho, kisha tamka: "Alhamisi saa nne, hapa hapa, nitasema ninavyoona." Kati ya hapo na Alhamisi usinywe chai kwa upande wowote, hata kama ni kwa shemeji yako. Siku ikifika, eleza kwanza uliyoyasikia kwa kila upande, kwa namna ambayo wao wenyewe watakubali kwamba ndivyo walivyosema. Halafu toa maoni yako.

Tunasema maoni kwa makusudi. Mambo mengi ya kijiji hayaishii kwako. Halmashauri ya kijiji ina kauli, baraza la ardhi la kijiji lina kazi yake ya kupatanisha, na ugawaji wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya mkutano mkuu. Unachotoka nacho kwenye kukaa peke yako ni pendekezo lililochujwa, tayari kupingwa. Mwenyekiti anayejifungia na kutoka na amri anawapa wanaomshuku ushahidi.

Jambo jingine dogo: bandika ukutani saa zako za kuonana na watu, na uzitimize bila kukosa. Mtu anayejua kwamba kesho saa tatu atakuona hana sababu ya kukugongea leo.

SWALI: Ni muuguzi mfawidhi wa zahanati. Nyumbani tuna vyumba viwili na watoto wanne. Kazini chumba changu ndicho pia stoo ya dawa. Hiyo nafasi ya peke yangu niitoe wapi?

Sista, kuna dakika ishirini ambazo wengi huzipoteza: baada ya kukabidhi zamu, kabla ya kuanza safari ya nyumbani. Vua sare kwanza, maana ukiwa nayo mgonjwa atakujia, na ana haki. Kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, ambalo alasiri huwa tupu, au kanisani siku ya kazi, au kwenye darasa la shule jirani wanafunzi wakishaondoka. Kwa waliopo mjini, maktaba ya mkoa ina meza na kimya.

Wapo wanaoshauri alfajiri, saa kumi na moja, kabla watoto hawajaamka. Ni muda mzuri kwa aliyelala saa nne usiku. Kwa aliyelala saa sita, au aliyetoka zamu ya usiku, haufai kabisa: utaandika, kisha mchana usome usielewe ulichoandika. Usingizi utangulie.

Nyumbani, omba kitu mahususi. "Nahitaji kupumzika kidogo" hakuna anayejua ni lini wala kwa muda gani. "Jumamosi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, watoto ni wako" kunaeleweka. Mpe na baba yao saa yake siku nyingine. Kisha uilinde yako: ukiitumia mara moja kufua, wiki inayofuata kila mtu atajua kwamba hiyo ni saa ya kufua.

SWALI: Naongoza madrasa, Unguja. Je, siku za itikafu zinaweza kuwa ndizo muda wangu wa kupanga mambo ya madrasa?

Ustadhi, kwa maoni yetu hapana. Itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, ina nia yake na adabu zake, kama ambavyo mafungo ya Wakristo yana ya kwao. Ukiigeuza kikao cha mipango utapoteza vyote viwili. Ila ni kweli kwamba moyo ukitulia mambo ya madrasa hujileta yenyewe. Likija, andika neno moja kwenye kikaratasi, urudi kwenye dhikri. Wiki ya kwanza baada ya Idi tenga saa mbili ukipitie kikaratasi hicho.

SWALI: Ni mkuu wa idara kwenye kampuni, Nairobi. Mfanyakazi alinilaumu kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, nami nikamjibu papo hapo mbele ya watu arobaini. Ningefanya nini?

Julai 1863, baada ya pigano la Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimwandikia Jenerali George Meade barua nzito ya kumlaumu kwa kuliacha jeshi la adui litoroke. Barua hiyo hakuituma. Ilikutwa kwenye karatasi zake, ikiwa imeandikwa juu yake kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Alikuwa na hoja, lakini alikuwa pia na jenerali aliyetoka kushinda pigano hilo, na vita vyenyewe vilikuwa havijaisha.

Kwa hali kama yako, kwenye kundi andika mstari mmoja: "Nimeona. Tuzungumze kesho saa tatu ofisini." Usinyamaze kabisa, kwa sababu kimya cha bosi hutafsiriwa na kila mtu anavyotaka. Halafu andika jibu lako lote kwenye karatasi, pamoja na matusi ukitaka. Usiliandike kwenye sanduku la ujumbe, kidole huteleza. Lala. Asubuhi lisome kwa sauti ukiwa peke yako, ukikata kila sentensi inayoanza na "wewe kila mara" na kila dai usiloweza kulithibitisha. Kwa kawaida hubaki mistari miwili au mitatu: kilichotokea, madhara yake, na unachoomba. Hiyo mistari mwambie mtu ana kwa ana, kisha chana karatasi.

Kwa kuwa umeshajibu, rudi kwenye kundi lile lile uombe radhi kwa lugha uliyotumia. Ulimwaibisha mbele ya watu, na radhi ya pembeni haifiki kwa wale arobaini. Hoja yenyewe ndiyo mkaimalize ofisini.

Kusubiri hadi asubuhi kuna mipaka. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, au pesa zikiwa zinatoka kwenye akaunti wakati huo huo, chukua hatua kwanza.

SWALI: Hospitali yetu ina chumba kimoja kitupu. Je, ina maana kukifanya chumba cha utulivu?

Ina maana, kama kitasimamiwa. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1953 hadi alipofariki kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961, alisimamia mwenyewe chumba kama hicho katika makao makuu ya New York, kilichofunguliwa mwaka 1957. Katikati aliweka bonge la madini ya chuma kutoka Sweden lenye uzito wa tani sita na nusu, bila alama ya dini yoyote.

Chenu hakihitaji bonge la chuma. Mita mbili kwa tatu zinatosha: kiti chenye egemeo, meza ndogo, kalamu, karatasi, na saa ya ukutani isiyo na mlio. Televisheni isiwepo, wala soketi ya kuchajia simu. Mlango uwe na kioo chembamba, kwa usalama wa wanaokitumia. Weka karatasi ya kujiandikisha kwa vipindi vya dakika 40, kila mtu kipindi kimoja kwa siku. Kiwe wazi kwa wauguzi wa zamu na wasimamizi wa usafi pia. Kikiwa cha wakuu tu, kitaleta chuki. Mpe mtu mmoja kazi ya kukitunza, la sivyo mafaili ya zamani yatahamia humo na kitaishia kuwa stoo.

SWALI: Naongoza shirika dogo, Mombasa. Nimejizoesha kujitenga kila siku, lakini narudi na hasira kuliko nilivyokwenda. Siku hizi sitaki hata kukutana na wafanyakazi wenzangu.

Ndugu, fungua daftari lako usome kurasa tano za mwisho. Kama sentensi ile ile inajirudia, yenye jina la mtu yule yule, hapo hufikiri tena, unatonesha kidonda. Anayefikiri, swali lake hubadilika kadiri anavyoandika. Jiwekee sheria: dakika kumi zikipita bila mstari mpya, inuka utoke. Na badala ya "kwa nini walinifanyia hivi", anza na "nitafanya nini kabla ya Ijumaa".

Chunguza pia unaingia na habari gani. Kiongozi hupelekewa taarifa zilizopunguzwa makali. Ukijifungia nazo hizo tu, utatoka na kosa huku ukiwa na uhakika mkubwa. Kila uamuzi mkubwa upitishe kwa mtu asiyeogopa kukukatalia. Mtafiti Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia moja nzuri: chukulia kwamba mpango umeshatekelezwa na umeshindwa vibaya, kisha andika sababu za kushindwa. Ifanye kwanza peke yako kwa dakika kumi, halafu na wenzako watatu hadi watano. Kila mmoja aandike kimya kabla ya mtu yeyote kusema, na mwenye cheo cha chini asome kwanza. Ukisoma wewe kwanza, wote watasoma yako.

Kwa sasa punguza kujitenga kuwe mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, na chakula cha mchana ule mezani na wenzako.

Lakini kutotaka kuona watu ni dalili tusiyoipita hivi hivi. Ikiwa kwa muda wa wiki mbili sasa usingizi au hamu ya chakula imevurugika, uliyoyapenda hayakufurahishi tena, na kazi ndogo zinakuelemea, usilichukulie kuwa ni suala la uongozi. Mwone daktari au mshauri nasaha wiki hii. Ikiwa yanakujia mawazo ya kufa au kujidhuru, nenda leo, na uende na mtu unayemwamini. Daktari mweleze dalili zote na zilianza lini, pamoja na hilo la kuwakwepa wafanyakazi, kwa sababu wengi hulificha wakidhani ni uchovu wa kazi.